"Puuza msuguano": fizikia ya shule ndani ya ombi la uhandisi wa mitambo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma maelezo ya waombaji wa shahada ya uhandisi wa mitambo, na karibu kila mmoja huandika kwamba anaipenda fizikia. Ninaamini wanasema kweli. Hata hivyo, sentensi hiyo haielezi namna mwombaji anavyofikiri, nami msomaji wake ninatafuta jambo hilo kuliko jingine lolote.

Maswali ya mekanika shuleni huja na masharti ya kurahisisha: puuza msuguano, chukulia kwamba kamba haina uzito, chukulia kwamba hakuna nishati inayopotea. Masharti hayo ni halali, kwa sababu bila hayo mwanafunzi angezama katika hesabu kabla hajaiona kanuni yenyewe. Lakini kilichopuuzwa darasani ndicho kinachomshughulisha mhandisi wa mitambo kazini, na mwombaji anayeweza kukirudisha ndani ya hesabu, hata kwa makadirio tu, ameshaanza kufikiri kihandisi.

Chukua gari lenye tungamo la kilo 1,200 linalokwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kukokotoa nishati mwendo yake, nayo ni jouli 240,000. Swali la mtihani huishia hapo. Sasa dereva anakanyaga breki na gari linasimama: nishati hiyo imekwenda wapi? Sehemu kubwa imegeuka kuwa joto katika diski za breki, yaani sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu na kubanwa na pedi dereva anapokanyaga breki. Tuseme diski zote nne kwa pamoja zina kilo 20 za chuma cha kalibu, ambacho huhitaji takriban jouli 460 ili kilo moja ipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Kama joto lote litabaki ndani ya diski, zitapanda kwa nyuzi 26 hivi, kiasi kisichomtia mtu wasiwasi. Kasi ikiwa maradufu, nishati huwa mara nne, na joto hupanda kwa zaidi ya nyuzi 100. Kisha fikiria gari hilohilo likishuka mlima wenye kimo cha mita 300 huku dereva akitegemea breki peke yake. Nishati inayopaswa kuondolewa ni jouli milioni 3.5 hivi, na kwa makadirio yaleyale diski zingepanda kwa nyuzi 380.

Hapo ndipo maswali ya uhandisi yanapojitokeza yenyewe. Kwa nini diski nyingi za mbele zina nafasi katikati ya kupitisha hewa? Kwa nini dereva hushauriwa kutumia gia ndogo kwenye mteremko mrefu, ili injini ichukue sehemu ya kazi ya kulizuia gari? Msuguano wa pedi hubadilikaje zinapopata moto kupita kiasi? Mwombaji si lazima awe na majibu yote. Akiniandikia kwamba alifanya hesabu hii, akaona kwamba jibu lake ni kubwa mno kwa kuwa alidhani diski hazipozwi na hewa, kisha akajaribu kukisia ni joto kiasi gani hutoka wakati gari linashuka, nitakuwa nimejifunza mengi juu yake kwa aya moja.

Mfano hauhitaji kuwa mkubwa wala kuhusu magari. Rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3, ikiegemezwa ncha zote mbili na kubebeshwa mzigo uleule katikati, hupinda mara 100 zaidi inapolala kuliko inaposimama kwa ukingo wake. Aliyelipima jambo hilo mezani kwa uzito mdogo na kugundua kwamba vipimo vyake havikufikia 100, kisha akaeleza sababu anazozishuku, ana habari ya kuandika.

Ningemshauri mwombaji achague mada moja tu, aitaje hesabu yake kwa tarakimu, aseme wazi ni dhana gani aliyoiweka na ni wapi dhana hiyo ilimwangusha. Aandike pia kile tu anachoweza kukitetea kwa mdomo, kwa maana mahali panapofanyika usaili, swali la kwanza huenda likawa hilohilo: ulipata wapi zile jouli 460, na je, ungebadilisha nini kama diski zingekuwa za alumini?