Acheni Kutia Javeli Kwenye Makoti ya Marubani

Jumanne asubuhi motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alisimama mlangoni kwangu hapa Birere, Goma, akiwa na mfuko mweusi. Harufu ilinifikia kabla hajaufungua. "Papa, nimelisafisha mwenyewe, kazi imebaki kidogo. Ile zambarau tu ndiyo imekataa kutoka." Ndani ya mfuko kulikuwa na MA-1, koti la nailoni la marubani, halisi ya jeshi la anga la Marekani, kijani chake kile cha kijivujivu, lebo bado inasomeka. Alikuwa amelilaza usiku kucha kwenye javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Ule ufumaji wa mikononi ulikuwa umegeuka njano, na nilipoushika, kipande kilibaki vidoleni mwangu kama mkate uliolowa kwenye chai.

Huyo ni wa tatu tangu mvua zianze, na wote watatu wameniambia neno lilelile: nailoni ni plastiki, na plastiki haifi.

Basi leo sishoni, naandika.

Kwanza hiyo zambarau, maana ndiyo inayowaponza. Si ukungu, si wino, si mafuta ya pikipiki. Ni rangi ya koti lenyewe inazeeka. Kijani kile kilipatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, na kila moja ina umri wake mbele ya jua. Zikichoka zile za upande wa kijani, zilizobaki ndizo zinazoonekana: zambarau, au kahawia yenye wekundu. Sabuni huondoa kilichoongezeka kwenye nguo, hairudishi kilichotoweka. Kama unabisha, inua kile kifuniko cha mfuko wa ubavuni, au funua kitambaa kilicho nyuma ya zipu. Kijani utakikuta kimejificha pale, na mpaka wake na zambarau umenyooka kama uliopigwa rula. Doa gani linajua kusimama kwenye ukingo wa mfuko?

Mwingine ataniletea koti lenye mkono mmoja zambarau na mwingine kijani, aape kwamba fundi fulani alimwibia mkono. Hapana, ndugu. Kiwandani vipande vilikatwa kwenye majora tofauti, na kila jora lilitiwa rangi siku yake. Siku ya kushonwa yalilingana. Jua ndilo lililoyatenganisha baadaye. Hayo ya rangi mbili mimi nayapenda kuliko yote, na nikikuta moja kwenye balo la mitumba silitaji kwa sauti.

Tukiwa kwenye balo: soma lebo kabla ya kushika bei. Herufi DSA zinakuambia mkataba ni wa miaka ya 1962 hadi 1977, wakati manunuzi ya jeshi la Marekani yalipopitia idara yenye herufi hizo. Kwenye namba kama DSA 100-69, ile 69 ni mwaka wa bajeti. Bitana ya rangi ya machungwa nayo haikuwekwa kwa urembo. Rubani aliyeanguka porini aligeuza koti nje-ndani ili wanaomtafuta wamwone. Hapa Goma vijana wanaligeuza kwa sababu nyingine, na nawaunga mkono. Mji huu si wa kutembea usiku na kijani cha jeshi.

Sasa tuje kwenye plastiki isiyokufa. Nailoni inauawa na jua, inauawa na klorini, inauawa na asidi. Javeli ni klorini. Haitoboi siku hiyohiyo, na hapo ndipo inapowadanganya: koti linatoka kwenye beseni likiwa zima, linavaliwa miezi miwili, kisha siku moja unapanda pikipiki, unanyoosha mkono, na mgongo unafunguka kwa sauti ya karatasi. Mtu analaumu uzi wangu.

Jua ni mwizi mpole zaidi. Angalia mabega ya koti lililotundikwa dirishani mwa duka. Kifua kizima, mikono mizima, mabega yanachanika ukiyabonyeza. Kabla sijapokea koti lolote nashika kitambaa cha begani kwa vidole viwili vya kila mkono na kukivuta polepole, sikio karibu. Nikisikia kajisauti kadogo ka kukatika, namrudishia mwenyewe. Nguvu ya nailoni ikiondoka haina dawa. Naweza kuweka kitambaa cha kushikilia kwa ndani, lakini hapo nashona nguo mpya juu ya maiti.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Watu wanaliona koti kama kitu kimoja, wakati wameshika vitu vinne: nailoni nje, bitana ndani, ujazo katikati, na ufumaji wa shingoni, mikononi na kiunoni. Kwenye makoti ya zamani ufumaji huo ni sufu. Sufu ni nywele za kondoo. Nailoni inaogopa asidi na haijali sana magadi. Sufu inavumilia asidi na inaogopa magadi. Wamefungwa kwenye ndoa ya mshono mmoja na kila mmoja ana sumu yake. Sabuni ya unga ya kawaida ina magadi: mwili wa koti utaifurahia, ufumaji utakakamaa na kulegea. Na javeli? Javeli kali inayeyusha sufu kabisa. Najua kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo na koti la mteja, nikaingiza mkono kwenye beseni kutafuta kola, nikakuta uji.

Kwa hiyo mimi natumia shampuu ya nywele, ile ya bei ndogo isiyo na mbwembwe, kifuniko kimoja kwa beseni la maji ya vuguvugu. Kwanza nafunga zipu. Nabonyeza kama unayekanda unga laini, sisugui, sipindi. Maji ya kwanza hutoka meusi kama kahawa, na kwa Goma lazima, vumbi letu ni la volkano, linakata. Ndiyo maana sisugui: punje zile kati ya nyuzi ni msasa. Nabadilisha maji hadi yatoke meupe, mara nne, mara tano.

Maji gani? Hapa naanza kujikuna kichwa. Maji ya ziwa Kivu yana magadi na madini mengi. Jaribu sabuni ya mche uone povu linavyokufa na utando kubaki. Maji ya mvua ni laini, lakini mvua iliyopita kwenye moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi. Ziwa linanunia sufu yangu, volkano inanunia nailoni. Naosha kwa maji ya ziwa yaliyotulia kwenye pipa, na ufumaji peke yake naumalizia kwa maji yenye siki, kijiko kimoja kwa lita nzima, kisha nasuuza haraka. Siki ni asidi, ndiyo, nimetoka kuwaambia asidi ni adui. Ni dhaifu, na haikai hata dakika tano. Lakini kila nikifungua chupa ile mkono unasita, na sijawahi kuona aibu kwa hilo.

Kukausha: kivulini, limelala juu ya taulo. Si juu ya ukuta wa mawe ya volkano, tafadhali, mawe yale ni tupa.

Pasi: hapana. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi 220 hadi 260 hivi kulingana na aina, lakini huanza kung'aa na kulegea mapema zaidi, na pasi ya makaa haina kipimo. Cheche moja, tundu moja.

Zipu ngumu: penseli laini kwenye meno, au mshumaa. Mafuta ya kupikia usithubutu.

Wanaotaka niligeuze koti liwe jeusi ndio wanaonichosha. Rangi inayoshika nailoni haishiki uzi wa poliesta wala wa pamba. Utapata koti jeusi lenye mishono ya kijani, kama limechorwa kwa chaki. Mmoja alilipenda hivyohivyo, akanilipa na kuongeza. Sitarudia.

Kuhusu kubadilisha ufumaji ulioliwa na nondo sina msimamo mmoja. Siku nyingine natengua na kuweka mwingine, nikipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, maana tundu kwenye nailoni halijifungi. Siku nyingine naangalia mashimo yale na kuyaacha, kwa sababu sufu ile ya mwanzo, hata ikiwa na matundu, inakaa mkononi vizuri kuliko chochote ninachoweza kupata kwenye sweta za balo. Wateja wananiuliza kwa nini huyu nilimbadilishia na yule sikumbadilishia. Huwa nasema bei. Si bei.

Lile koti la Jumanne nimelisuuza mara sita, harufu imepungua. Nimepima mabega: la kushoto kimya, la kulia limeongea kidogo. Ufumaji mpya wa mikononi nimeutoa kwenye sweta ya sufu ya kijani, haufanani sana. Zambarau iko palepale. Mwenyewe akipita hapa, aje alichukue kabla ya Jumamosi. Kijana ninayemfundisha kazi ameshalivaa mara mbili akidhani sioni.