ADHD na mizani yetu ya heshima

Lalamiko ninaloletewa zaidi kuhusu mtu mzima mwenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na uwezo wa kujizuia, ni dharau. Mke anasema: "Nazungumza naye ananitazama, nikimuuliza nimesema nini, hajui." Mama mkwe anasema anakatizwa kauli na mtu aliyemwoa binti yake. Mwenye duka anasema kijana aliahidi kuja saa mbili, akaingia saa nne kama hakuna lililotokea. Mimi ni mwanasaikolojia hapa Mombasa, na naona hili linahitaji kuelezwa kwa upole, kwa sababu linavunja nyumba za watu wanaopendana.

Sisi watu wa Pwani tuna mizani yetu ya heshima. Salamu haikomi kwenye shikamoo: utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa wenu, nawe uulize vilevile bila pupa. Mkubwa akisema, unangoja amalize. Ukitumwa, hurudi nusu ya njia kuuliza ulitumwa nini. Ukipewa habari ya msiba, unafika. Sasa angalia kila kipimo hapo kinadai nini: kuuzuia ulimi, kuyashika maneno kichwani, kuhisi muda unavyokwenda. Hayo ndiyo hasa ambayo ADHD huyavuruga. Mtu anaweza kuwa na mapenzi na adabu tele moyoni, na bado akafeli kila siku mbele ya wakwe zake.

Watu huniuliza, mbona simu anaitazama saa tatu bila kuchoka? Umakini anao. Shida yake ni kuuelekeza. Mifumo ya ubongo inayotumia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe, hasa inayohusiana na sehemu ya mbele ya ubongo, haifanyi kazi kwake kama kwa wengine, kwa hiyo jambo jipya, la kupendeza au la dharura humnasa, na lile la kawaida humponyoka hata akilitaka. Akikukatiza, mara nyingi anahofu wazo lake litapotea kabla hujamaliza. Na kuhusu muda, mtazame mtu wa Likoni mwenye hali hii anayefanya kazi kisiwani: atahesabu dakika za kuvuka tu. Kuingoja feri, kupanda ule mlima, kutafuta matatu, yote hayamo katika hesabu yake, leo wala kesho.

Lakini kuelewana ni kwa pande mbili, na upande wa pili husahaulika. Aliyekosa nusu ya maneno huijaza nusu hiyo mwenyewe, na aliyekaripiwa tangu utotoni huijaza kwa karipio. Nilikaa na mume na mke (nimebadilisha mambo mawili matatu wasitambulike). Mke alisimulia kwamba alimwambia mumewe, "Gesi imeisha," naye akajibu, "Najua mimi sifai kitu," akatoka. Nikamwomba mume aseme alichosikia. Akasema alisikia kwamba ameshindwa kuiangalia nyumba yake. Nikamgeukia mke: ulikusudia nini? "Nilitaka kujua tuagize leo au kesho, basi." Mume akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni gesi tu."

Kutoka hapo kazi yetu ikawa nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuitenda. Mke hasemi jambo zito mume akiwa mlangoni. Anamgusa bega kwanza, anasema moja, mume analirudia kwa maneno yake, kisha linaandikwa kwenye WhatsApp. Mume naye, akiona uso umekunjwa, anauliza kabla ya kujibu: "Umenikasirikia au umechoka?" Na akichelewa, anaomba radhi kama mtu mwingine yeyote. Hapo silegezi. Aliyesimama juani kumngoja ameumia kweli, awe mwenzake ana ADHD au hana.

Si kila msahaulifu ana hali hii. Vigezo tunavyotumia vinataka dalili kadhaa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane angalau mahali pawili, kama nyumbani na kazini, na ziwe zinamharibia mtu maisha. Kabla ya kusema ni ADHD tunauliza usingizi, sonona, wasiwasi, upungufu wa damu, tezi ya shingo. Tena tunauliza muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 kaunti yetu iliupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na mabishano yalikuwa makali, ila katika kelele zile sikusikia likitajwa jambo hili: wapo wanaotafuna kwa sababu ndipo akili yao hutulia kidogo. Muguka una kathinoni, kichangamshi, hivyo utulivu huo si wa kubuni. Unakuja na kukosa usingizi na uraibu, na hauna kipimo.

Wasichana tunawapoteza zaidi. Anayekaa kimya nyuma ya darasa akiwaza mengine huitwa mpole au mzito, hafikishwi kwa mtu. Na kwa kuwa hali hii hurithiwa sana, baba aliyemleta mwana aghalabu huanza kujitambua mwenyewe kwenye kile kiti. Wanaotaka mtoto asomewe dua siwazuii. Ninachokataa ni kumfunga au kumpiga ili atulie.

Dawa zipo, na daktari wa magonjwa ya akili ndiye huziandika. Methilifenideti, inayotumika sana, hupunguza hamu ya kula, huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, na ikimezwa jioni huzuia usingizi, kwa hiyo mtajieni maradhi yoyote ya moyo mapema. Ramadhani ikikaribia, msiiache kimyakimya wala msihamishe saa zake wenyewe. Nendeni kwa daktari kabla ya mwandamo, kwani zipo aina za kufanya kazi muda mrefu ambazo anaweza kuzipanga wakati wa daku.