"Sugu" katika maumivu sugu inahesabu muda tu

Mwezi uliopita mama mkubwa wangu wa Mbagala alirudi kutoka kliniki, akakaa barazani taratibu, mkono kiunoni, akasema: "Nimeambiwa ni sugu. Basi tena." Nyumba nzima ikanyamaza kama imeletewa habari ya msiba. Jirani aliyekuja kumpa pole naye akaongeza lake: "Yakishakuwa sugu utayazoea tu, dada." Neno moja limeeleweka vibaya mara mbili, kwenye mkeka mmoja. Yote mawili nimeyasikia mno hapa Dar, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Maumivu sugu ni maumivu yanayodumu, au kwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Neno la Kizungu ambalo "sugu" imewekwa kulifasiri, chronic, lina asili ya Kigiriki, khronos, yaani wakati. Halisemi yanauma kiasi gani, wala halisemi yanatibika au hayatibiki. Linahesabu miezi.

Shida ni mzigo ambao sugu ilikuwa imeubeba kabla haijafika hospitalini. Sugu na sugua ni ndugu. Mwombe mbeba mizigo wa Kariakoo akufungulie kiganja chake. Chini ya vidole utaona ngozi iliyosuguliwa na kamba na magunia hadi ikawa nene na ngumu, hata ukiigusa kwa ncha ya pini hashtuki. Hiyo ndiyo sugu yenyewe. Nyingine iko kisiginoni mwa aliyekulia peku, nyingine kwenye paji la uso la mwenye kusujudu sana. Kutoka kwenye ngozi neno likahamia kwa watu: mwizi sugu, mtoto aliyechapwa hadi akawa sugu, fimbo haimwingii tena. Likaingia kwenye madeni. Siku hizi tunasikia pia usugu wa vimelea, yaani vijidudu ambavyo havisikii dawa. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana maumivu sugu, sikio lake linampa mambo mawili kwa mpigo: kitu kisichosikia dawa, na kitu kilichokufa ganzi. Mama mkubwa alishika la kwanza, jirani akashika la pili. Siwalaumu hata kidogo, Kiswahili chao ni kizuri. Ni sisi tuliowapa neno bila kuwaambia hapa lina maana gani.

La pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ukweli ni kinyume chake. Ngozi iliyosuguliwa hupunguza hisia, lakini mfumo wa fahamu uliosumbuliwa kwa maumivu miezi na miezi mara nyingi huongeza hisia. Nikisema mfumo wa fahamu nina maana ya ubongo, ugwe mgongo unaopita ndani ya uti wa mgongo, na neva zinazotoka hapo kwenda mwilini. (Si "mishipa iliyokaza" ya wachuaji. Neno mishipa tumelibebesha damu, neva na kano kwa pamoja, nalo linahitaji makala yake.) Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba jeraha la mguuni hubadilisha namna ugwe mgongo wenyewe unavyofanya kazi: chembe zake zinakuwa nyepesi kuamka, na kichocheo kidogo kinapokelewa kama kikubwa. Kidonda kinaweza kupona huku mlinzi aliyeamshwa nacho akiendelea kupiga kelele kwa kila anayepita uchochoroni.

Niliyaona haya kwa mama mkubwa mwenyewe. Alianguka ngazini zaidi ya mwaka sasa, na picha za mgongo hazionyeshi mvunjiko wowote. Lakini siku ile alipokuwa akijifunga khanga, upindo ulimgusa nyonga akaruka kama ameunguzwa. Khanga, tena iliyofuliwa ikalainika! Huyo hajawa sugu. Wala hayo si maumivu ya kujitungia. Neva zake zinafanya kazi kweli, ila zimepitiliza. Si kila maumivu ya muda mrefu yako hivi, maana yapo ya viungo vilivyolika, ya selimundu, ya saratani, na mgongo unaokuja na ganzi ya miguu, homa au kushindwa kuzuia mkojo ni wa kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo. Hata katika hayo, lakini, mfumo wa fahamu unaweza kuongeza sauti.

Na sauti iliyoongezwa inaweza kupunguzwa. Hapa sugua inarudi kwa njia nzuri. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye ugwe mgongo kuna kitu kama lango: habari za mguso zikiingia kwa wingi, habari za maumivu zinabanwa. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti mama analisugua kabla hata hajauliza kimetokea nini. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kupumua polepole, kulala vizuri, kutembea hadi dukani leo na kupita duka kidogo kesho, vyote vinaufundisha mfumo huo kwamba hatari imepita. Ni kazi ya wiki na miezi, na haiendi kwa nguvu. Wale wa kukukanyaga mgongo ili "mishipa ifunguke" wanamwongezea mlinzi sababu ya kupiga kelele.

Nilimwambia: "Mama mkubwa, daktari amekuhesabia miezi tu. Hajakukatia tamaa." Akaniangalia kitambo. "Sasa mbona hakusema ni ya muda mrefu?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile mimi mwenyewe nasema maumivu ya muda mrefu. Wewe ukipenda baki na sugu, limeshazoeleka. Ila mtu akikuambia anayo, usianze na pole ya msiba. Muulize: tangu lini?