Siriali si siriali: kabla hujaunganisha bodi yako na multimita ya mezani

“Fundi, siriali ni siriali. TX kwa RX, RX kwa TX, grandi kwa grandi, imeisha hiyo.” Siriali ni data inayopita waya biti moja moja: TX hutuma, RX hupokea. Kauli hiyo nimeisikia tena, safari hii kwa chalii aliyeniletea hapa Njiro bodi ya maikrokontrola (kompyuta ya chipu moja) ya ESP32 isiyowaka pamoja na multimita ya mezani yenye soketi ya pini tisa mgongoni. Anadai multimita ni mbovu. Multimita ni nzima kabisa. Kilichokufa ni bodi yake.

Soketi kuingia si hoja. Petroli nayo inaingia kwenye tanki la dizeli. Ile ya pini tisa ni RS-232, kiwango cha Marekani cha miaka ya 1960, kabla maikrokontrola hazijakuwepo. Kwenye RS-232 biti ya moja ni volti hasi, kati ya −3 na −15, na biti ya sifuri ni volti chanya, +3 hadi +15. Kwa bodi yako biti ya moja ni volti 5 au 3.3, ya sifuri ni volti 0. Tofauti ziko mbili basi: ukubwa wa volti, na ishara kupinduka.

Vijana wakielezwa hivyo wanashika ukubwa tu. “Nitaweka rezista mbili nigawe volti.” Haya, gawa. −12 ukiigawa kwa tatu unapata −4, na karatasi ya data ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, inakataza pini kushuka chini ya −0.5. Mwingine anaongeza dayodi ya kuzuia hasi. Sawa, pini imepona, ila ishara bado iko kichwa chini miguu juu. Skrini inajaa takataka, naye anabadilisha baudi (kasi ya kutuma biti) mpaka usiku wa manane wakati baudi haina kosa lolote.

Chukua testa, weka kwenye DC, waya mweusi pini 5, mwekundu pini 2, kisha pini 3. Laini ya RS-232 ikiwa kimya haikai sifuri, inakaa hasi. Pini inayosoma hasi sita, hasi tisa hivi, ndiyo ambayo kipimo, yaani hiyo multimita, kinatumia kutuma. Inayokaa karibu na sifuri ndiyo ya kupokea. Umeshajua kama ni RS-232, umeshajua kama 2 na 3 zinahitaji kupishanishwa, na hujaunguza kitu. Kwa nini watu wanaruka hatua hii, mimi sielewi.

Sasa linaloniudhi zaidi: wakati mwingine ujanja wao unafanya kazi. Kiwango cha RS-232 kinataka zaidi ya volti 3 kila upande, lakini chipu ya kupokea kama MAX232 inahesabu chini ya volti 0.8 kuwa upande mmoja na juu ya 2.4 kuwa upande wa pili. Ukiipindua ishara kwenye programu na kutuma 0 na 5 kavu, kipimo kinaweza kukujibu vizuri tu. Siwezi kukudanganya kwamba hakijibu. Kinajibu mezani, kwa waya mfupi. Peleka mtambo huohuo Moshi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, upitishe kebo kando ya mota, halafu uniambie. Ule ukingo wa volti uliouacha ndio uliokuwa unakulinda na kelele.

Dawa ni chipu moja. MAX3232 kwa bodi za volti 3.3, MAX232 kwa za volti 5. Inapindua ishara na kujitengenezea volti hasi yake kwa kuchaji kapasita: za 0.1 mikrofaradi kwa MAX3232, 1 mikrofaradi kwa MAX232 ya kawaida. Usiweke MAX232 mbele ya ESP32, itaitemea volti 5.

Mengine ni ya kusoma kitabu cha kipimo, nitapita haraka. Arduino usipoiambia kitu inatuma biti 8 bila pariti (biti ya kukagua makosa). Multimita ya HP 34401A imetoka kiwandani na baudi 9600, biti 7, pariti ya shufwa, na inaangalia laini za DTR na DSR, za kuambiana kama kila upande uko tayari, kwa hiyo waya tatu zinaweza kuiacha bubu hata volti zikiwa sahihi. Kila amri imalizie na herufi ya mstari mpya, la sivyo inasubiri tu. Kati ya amri na amri mimi naweka milisekunde 50. Hakuna kitabu kilichonipa namba hiyo, nimeizoea tu, na huenda 20 zingetosha.

Anza na amri ya kuuliza kitambulisho, *IDN?, uone kama inataja jina lake. Kisha tuma SYST:REM, amri ya kuiweka iongozwe kwa mbali, kabla ya kuomba usomaji wowote, maana ukiisahau 34401A itakupa kosa 550, nawe utakuja tena kuniambia multimita ni mbovu.