Je, wajua? Kwa nini maganda ya balungi yakipikwa hutoa mwanga wa buluu

Weka mezani mchana chupa ndogo yenye maji ya kahawia, mfano wa chai ya rangi iliyopoa. Huoni cha ajabu. Zima taa za chumba, kisha uimulike kwa ile taa ya urujuanimno ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia: chupa nzima yageuka buluu. Maji hayo yalianza kama maganda ya balungi. Ndani yake zimo nukta za kaboni, chembe zisizozidi nanomita 10 kwa upana, ambazo watafiti huziingiza katika seli hai ili wazione seli hizo vizuri kwa hadubini.

Nilipokutana na habari hizi mara ya kwanza nilijipa jibu upesi: ganda linachomwa, linakuwa mkaa, mkaa unasagwa laini kuliko unga wa muhogo, na ulaini ndio unaoleta mwanga. Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Sivyo, na inafaa kuona ni wapi jibu hilo linapokatika.

Kama udogo peke yake ungetosha, masizi ya mshumaa yangeng'aa, maana yenyewe ni kaboni laini mno. Hayang'ai. Mwaka 2007 watafiti waliyachukua masizi hayo hayo, wakayachemsha kwa saa nyingi katika asidi ya nitriki, na hapo ndipo mwanga ulipotokea. Asidi ilikuwa imeyavunja vipande vidogo zaidi na kuyavisha oksijeni kwa nje. Hata hivyo mwanga ulikuwa hafifu: katika kila fotoni (chembe za mwanga) 100 zilizomezwa, hazikurudi hata 2. Kwa hiyo udogo ni sharti, ila unahitaji na hali ya uso wa chembe.

Ili kuelewa sababu, mfikirie mkwezi juu ya mnazi uliochongwa vidato. (Ndiyo, ni neno lile lile la kidato cha kwanza na cha pili.) Mkwezi anaweza kusimama kwenye kidato tu, hawezi kuning'inia katikati. Elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya kila atomu, nayo ni hivyo. Mwanga wa urujuanimno unapoipiga, inaruka hadi kidato cha juu. Inateremka hatua mbili tatu fupi, na nguvu ya hatua hizo inapotea kama joto. Kisha inafika mahali ambapo kidato kinachofuata kiko mbali sana chini. Hapo inadondoka kwa mara moja, na nguvu ya mdondoko huo mrefu ndiyo inayotoka kama mwanga. Kwa kuwa mdondoko ni mfupi kuliko ule mruko wa kwanza, mwanga unaotoka una nguvu pungufu: umeingia urujuanimno usioonekana, umetoka buluu.

Sasa tazama bonge la mkaa. Humo vidato vimesongamana mno hata shina zima limekuwa kama mteremko. Elektroni inateleza mpaka chini bila kudondoka popote, na kila kitu kinaishia kuwa joto. Ndiyo maana mkaa ni mweusi: unameza mwanga na haurudishi. Katika nukta ya kaboni, visiwa vidogo vya kaboni vimetenganishwa, na pengo kati ya vidato limerudi. Linabaki tatizo la uso. Mikono ya kaboni iliyokosa wa kushikana naye ni kama mashimo kwenye shina, elektroni hutumbukia humo na mwanga haupatikani. Oksijeni na naitrojeni huyaziba.

Mmea unakuja na kaboni, oksijeni na naitrojeni hizo tayari, ndani ya sukari, asidi na protini zake. Hauchomwi, unapikwa na maji katika chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, ndugu wa sufuria ya presha. Wachina waliotumia maganda ya balungi mwaka 2012 walipika kwa nyuzi 200 kwa saa 3. Mwaka huo huo kundi la India lilipika juisi ya machungwa kwa nyuzi 120, dakika 150 tu. Nukta zenyewe ziligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 huko South Carolina, Marekani, watu wakisafisha masizi kwa kazi nyingine kabisa.

Kipimo cha mwanga huu ni kwinini, dawa ile ile ya malaria. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes aliichunguza jinsi inavyong'aa buluu, na ndiye aliyelipa jambo hili jina la fluoresensi. Ikiyeyushwa katika asidi, kwinini hurudisha fotoni kama 54 kwa kila 100. Nukta za juisi ya machungwa zilirudisha 26, za maganda ya balungi kama 7. Kwa kitu kilichokuwa kinaelekea jalalani, naona 7 ni nyingi.

Seli huzimeza nukta hizi zenyewe, na kwa kawaida hubaki katika utomvu wa seli bila kuingia kiini. Sifa yake kubwa ni kwamba hazina kadimiamu, metali yenye sumu iliyomo katika nukta nyingi za zamani zisizo za kaboni. Lakini majaribio mengi ya usalama ni ya seli kwenye sahani, kwa siku chache. Tena mwanga wa buluu haupenyi mbali katika nyama, na ganda la msimu huu halilingani na la msimu ujao.

Kuna hoja nzito zaidi. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu, ikipikwa na kemikali yenye naitrojeni ili kupata nukta, hutoa pia molekuli ndogo zinazong'aa sana, ambazo si nukta hata kidogo. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba usafishaji wa haraka huziacha humo, na baadhi ya sifa zilizoandikwa kwa jina la nukta zilikuwa za molekuli hizo. Na nukta za majani mabichi zinazong'aa nyekundu zinastahili swali lake: huenda hiyo ni klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, iliyosalia baada ya kupikwa.