Saa ya redio: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Sauti inahama kwenye masafa? Nunua kipokezi kingine." Mimi mwenyewe nimewapa wenzangu ushauri huo, na haukuwa sahihi. Cha kutazama kwanza ni saa ya redio, yaani kristali ndogo inayotetema kwa kasi maalumu na kuiongoza redio ibaki kwenye masafa yake. Tazama setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na kukaa nyuzi 26 Mashariki. Hapa Dar es Salaam dishi linaielekea karibu utosini. Mawimbi ya wanaredio wa ridhaa yanashuka kwenye MHz 10489.5 hadi 10490, LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, inayateremsha hadi kama MHz 740, kisha kipokezi cha USB kinayachukua na kompyuta inafanya kazi iliyobaki.

Hapo kuna kristali mbili zinazofanya kazi ya saa: moja kwenye kipokezi, nyingine kwenye LNB. Kosa la sehemu moja kwa milioni kwenye kipokezi ni Hz 740 tu. Kosa hilohilo kwenye LNB, ambayo kristali yake ya MHz 25 huzidishwa mara 390 kufikia MHz 9750, ni Hz 9,750. Sauti ya mtu mmoja huchukua kama kHz 2.7, kwa hiyo umeshawapita watu watatu. Na hiyo LNB ndiyo inayoshinda juani. Saa nzuri ianzie huko: ng'oa kristali ya LNB, ingiza mawimbi ya MHz 25 kwa waya kutoka kwenye saa iliyo chumbani.

Wengine hupuliza kristali kwa feni wakidhani inapenda baridi. Inachotaka ni joto lisilobadilika. Ndiyo maana kristali bora hufungiwa ndani ya kijitanuri chenye joto kuliko hewa ya nje, mara nyingi nyuzi 70 na zaidi. Kabla sijabadilisha LNB yangu nilikuwa nakaa alasiri nikiangalia kwenye skrini mstari wa bikoni, ishara thabiti inayotumwa kupitia setilaiti: jua likiwaka umenyooka, wingu likipita unapinda, jua likirudi nao unarudi. Feni ingenipindishia mstari huo siku nzima.

Dhana inayowapotosha hata mafundi wazuri ni kwamba ukiwa na GPS ya kuisahihisha saa, kristali yoyote inatosha. Mapigo ya GPS ya kila sekunde huyumba kwa makumi ya nanosekunde. Nanosekunde 10 ndani ya sekunde moja ni Hz 100 ukiwa kwenye GHz 10. Ukipima kwa sekunde 1,000, myumbo uleule unakuwa Hz 0.1. Maana yake, sekunde hadi sekunde anayebeba mzigo ni kristali. GPS inairudisha njiani polepole, kwa dakika nyingi. Ukiiacha GPS ivute kristali kila sekunde, umeharibu saa iliyokuwa nzuri.

"Programu itarekebisha" ni kweli nusu. Kosa lisilobadilika linafutwa kwa kuandika namba moja, na zipo programu zinazofuata bikoni na kumudu mhamo wa polepole. Kelele ya awamu, yaani myumbo mdogo wa harakaharaka wa saa yenyewe, haziiwezi. Ikizidishwa mara 390 inapanda karibu dB 52, na ikishachanganyika na sauti haitoki.

Kuhusu saa ya atomiki ya rubidi: kwa kusikiliza sauti, huihitaji.

Kilichobaki ni umeme, na watu hawauhesabu kuwa sehemu ya saa. Niliwahi kuiendesha saa yangu kwa chaja ya simu. Pembeni ya kila ishara kulisimama vijistari viwili, kushoto na kulia, na nikailaumu kristali kwa wiki mbili. Nilipoiunganisha na betri ya volti 12 kupitia kidhibiti cha volti, vijistari vilipotea palepale. Kristali ile ninaitumia mpaka leo.