Ndama anahara: tuliyozoea kusema na yaliyo kweli

"Amenyonya kupita kiasi huyo." Ndivyo tusemavyo huku Rungwe ndama wa siku kumi akianza kuhara maji ya njano, kisha anakatiwa maziwa siku nzima. Inaniuma kila ninapoliona hilo. Maziwa mengi huweza kumharisha, ndiyo, lakini katika wiki tatu za mwanzo mshukiwa mkubwa ni kriptosporidiamu, kimelea kinachoharibu utando wa utumbo mdogo. Kinachomuua ndama ni kuishiwa maji. Finya ngozi ya shingo kwa vidole viwili uiachie: ikichelewa kurudi, na macho yamezama, usingoje kesho. Maziwa aendelee kupewa kidogo kidogo, na katikati anywe maji ya ORS.

Dawa ya minyoo? Hiki si mnyoo. Sindano ya antibayotiki nayo haikiui.

Wengine husema kriptosporidiamu ni kriptosporidiamu, aina zote sawa. Kwa darubini ni kweli aina nyingi zinafanana: vidoa vya duara vidogo mno, vya maikroni 5 hivi, 200 vikipangwa mstari ndipo utimize milimita moja. Tofauti imo kwenye vinasaba. Aina ya parvum ndiyo inayowaangusha ndama wachanga. Bovis na ryanae huwapata zaidi walioachishwa kunyonya, mara nyingi bila dalili. Andersoni hukaa tumbo la nne la ng'ombe wakubwa. Kwa hiyo maabara ikikujibu "kipo" tu, bado hujajua kama ndicho kinachomharisha ndama wako. Hata parvum yenyewe ina matawi yake, yanayotambuliwa kwa kusoma jeni iitwayo gp60: IIa imezoea ng'ombe lakini huingia na kwa watu, IIc husambaa zaidi mtu kwa mtu.

Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa kriptosporidiamu iliyokuwa kwenye maji ya bomba. Ng'ombe walishukiwa. Vinasaba vilipopimwa baadaye, ikaonekana ni hominis, aina iliyozoea binadamu. Na maji yale yalikuwa yametiwa klorini! Klorini ya maji ya kunywa haikiwezi. Kuchemsha ndiko kunakokiua.

Baridi na unyevunyevu wa huku kwetu hukitunza kwa miezi, ukavu hukimaliza. Basi matandiko yawe makavu, na ndama mgonjwa awe na ndoo yake. Lisha wazima kwanza, mgonjwa mwisho, halafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chuchu za mama yake au kumbeba mtoto.